Tumbili Tuliowafundisha Wasituogope

Mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, halafu Cherono akasimama akasema, "Mama, kabla hujaenda, tuandikie yale ya zamani, sisi tuliokuja juzi tuyajue." Nikakubali, kwa sababu mtu mwenye keki mdomoni hawezi kukataa kitu. Sasa niko nyumbani. Chai imechumwa, ng'ombe amekamuliwa, na kwa mara ya kwanza sina mnyama wa kufuata. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Habari hiyo ni fupi sana. Nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza, ile ya miaka ya tisini upande wa Merigi, kwa maana ndiyo iliyonifanya niwe yule mliyemjua, mkali kwa watafiti wageni na mpole kwa wanyama.

Kabla ya hapo nilikuwa nachuma chai kwenye shamba kubwa la kampuni. Asubuhi moja nyapara alikuja kwenye mistari yetu na mtu mfupi mwenye miwani, gambuti zake mpya bado zinang'aa. Huyo alikuwa Daktari Mutiso, mwalimu wa chuo kikuu, Mkamba, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kufuata tumbili kwenye ule msitu mwembamba wa kando ya mto, kati ya chai ya kampuni na mashamba ya wananchi. Wenzangu walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Kulipwa kwa kutazama tumbili, kwetu, ilikuwa kama kulipwa kwa kutazama mvua.

"Nani hapa anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuongea?" Daktari akauliza.

Wanawake wakanisukuma mbele. Nilikuwa nimemzika mume wangu mwaka huo na maneno yangu yalikuwa yamepungua sana. Walidhani wananisaidia, na kweli walinisaidia.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Daktari bali Mzee Nyakundi, Mgusii aliyekuwa amemaliza utumishi wa kulinda misitu na hakutaka kukaa nyumbani. Siku ya kwanza nilijikunyata nyuma ya mti, nikadhani nafanya vizuri. Mzee akaja akanishika bega.

"Unajificha nani asikuone, binti?"

"Si tumbili wasinione?"

"Anayejificha ni chui. Wewe uonekane. Kaa hapo wazi, usiwatazame machoni, tafuna kitu. Na ukitembea fanya hivi, wajue uko wapi." Akapiga ulimi kwenye kaakaa, mlio mdogo mkavu, tak, tak, tak.

Mlio huo niliuzoea mpaka nikawa naufanya nikipika. Tulivaa makoti ya kijani, yale marefu mepesi ya mabawabu, ambayo Daktari alinunua soko la Bomet, sote rangi moja ili wanyama watuhesabu kuwa kitu kimoja. Vifaa vingine vilikuwa darubini moja ambayo jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, redio-kaseti ya kurekodia, na betri ambazo zilikufa kila mvua ilipotanda. Mnaolalamika siku hizi kuhusu chaji, nawaombea.

Miezi ya kwanza tulitazama mikia ikipotea tu. Tunafika, wanapiga kelele, wanakwenda. Kesho yake tunafika tena. Halafu wakaanza kuchelewa kukimbia. Halafu wakakimbia nusu. Asubuhi moja, ukungu bado uko mtoni, jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika alishuka akakaa karibu nami kiasi cha mimi kusikia akitafuna. Alijikuna, akanitazama, akaendelea kula. Mtoto wake, mweusi bado na uso wa rangi ya waridi, alining'inia juu ya kichwa changu kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Tangu nizike mume wangu sikuwa nimelia mbele ya mtu, lakini siku hiyo nililia, na Mzee Nyakundi akageuka akajifanya anatazama ndege.

Yule jike tulimwita Mwiko. Daktari alikuwa amekataza majina ya watu, kwa sababu mahali fulani alikofanya kazi zamani walimpa tumbili mmoja jina la mke wa chifu, na chifu akapata habari. Kwa hiyo tukatumia ya jikoni: Mwiko, Sufuria, Kibuyu, Chujio, Kinu.

Kuhusu utafiti wenyewe, Daktari alitaka kujua kama tumbili wanatujua mmoja mmoja. Wanatuona sote kuwa watu tu, au wanajua huyu ni nani na yule ni nani? Akarekodi sauti yangu nikisema, "Habari ya asubuhi, leo mvua itanyesha." Akarekodi maneno hayo hayo kwa sauti ya Arap Mosonik. Kisha tukaficha spika kichakani, mahali ambapo hakuna mtu, na kuwachezea.

Niwaambie Arap Mosonik ni nani. Shamba lake lilipakana na mto. Tulisali kanisa moja. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja na jembe lake na wanawe akanilimia, na mkewe akaniletea mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, kila wiki bila kusema ni kwa nini. Tumbili walikuwa wanamwangamiza. Akipanda, wanafukua mbegu. Mahindi yakibeba, wanayavunja mabichi, wanauma mara moja na kutupa. Binti yake Cheptoo alikuwa akikosa shule msimu mzima kwa kukaa shambani na kopo la kugongagonga. Kwa hiyo alipowaona tumbili aliwarushia chochote kilichokuwa mkononi, na kombeo lake lilikuwa na shabaha.

Tulipocheza sauti yangu, waliendelea kula. Tulipocheza sauti ya Arap Mosonik, wote walipanda juu, na Mwiko akafanya kitu ambacho kilimfanya Daktari anishike mkono bila kujua. Hakutazama kichaka kilichotoa sauti. Aligeuka akatazama ng'ambo, kule shambani kwa Arap Mosonik, alikopaswa kuwa.

"Umeona?" Daktari alininong'oneza. "Haogopi kelele. Ana mtu huyo kichwani. Anajua anakaa wapi na anajua hapa si mahali pake."

Mchana ule Daktari aliongea kuliko siku zote. Alisema watu huwatesa wanyama kwa sababu wanadhani ndani yao hamna kitu. Tukionyesha kwamba wanatujua, wanakumbuka, wanapima mambo, watu watalegeza mkono. Niliamini. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa anasema kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

Akaenda moja kwa moja kwa Arap Mosonik kumwelezea, nami nikafuatana naye. Arap Mosonik alitusikiliza amesimama, ameegemea jembe. Daktari alimweleza yote: kwamba wanatambua sauti yake kati ya sauti nyingine, kwamba wanamjua yeye hasa.

"Yaani huyo mnyama ananijua mimi, Mosonik?"

"Anakujua kabisa."

"Basi anajua ni mahindi yangu." Akainama kuendelea kulima. "Huyo ni mwizi, Daktari. Mimi nilikuwa nadhani ni mnyama."

Njiani Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka.

Kulikuwa na jaribio moja lililobaki. Tulitaka kubadilishana makoti, kumvalisha mtu mgeni koti la kijani na kumfundisha ule mlio wa ulimi, tuone tumbili wanatujua kwa nguo na mlio au kwa sura. Daktari alilipanga vizuri, lakini ufadhili ukakatika ghafla kama unavyokatika mpaka leo. Wiki moja tulikuwa na betri mpya, wiki iliyofuata alikuwa anafunga masanduku. Mzee Nyakundi akarudi kwao Nyamira. Mimi nikarudi kwenye chai.

Siku ya kuagana nilimwuliza Daktari, "Na hawa je?"

"Hawa wako kwao, Rael. Watatusahau."

Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumetumia muda wote ule kuonyesha kwamba hawasahau.

Nilikuwa nikipita mtoni Jumapili baada ya kanisa. Nikifika tu wanashuka. Walikuwa wamewazoea watu wengine pia. Watoto wao waliozaliwa wakati wa kazi yetu hawakujua kwamba mtu ni kitu cha kukimbia. Walikuwa wanaingia mashambani mchana, wanakaa juu ya mahindi ya watu wakila bila haraka. Majirani walilalamika kwa chifu. Chifu aliahidi kwamba serikali italeta watu wa bunduki. Hawakuja. Msimu huo mvua ilikatika mapema, na mahindi machache yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa chakula.

Alasiri moja Arap Mosonik alikuja kwangu. Nikampikia chai. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema.

"Mama Kiprono, wale wanyama wanakuja ukiwaita."

"Wanakuja."

"Nataka uwaite mahali pamoja. Mengine nitafanya mimi. Wewe hutaona kitu."

"Siwezi, Baba Cheptoo."

"Wewe ulipoumia, mimi nilikuja."

"Ulikuja. Siwezi kusahau hiyo."

"Basi mimi naumia sasa."

Nikamwambia nitamsaidia kulinda shamba. Akaniuliza nitalinda saa ngapi, na mimi niko kwenye chai tangu alfajiri. Nikamwambia nitaongea na chifu. Akatabasamu, kwa uchovu tu. Akasema, "Unawaonea huruma kwa sababu wana akili. Cheptoo wangu pia ana akili. Hajaenda shule tangu mwezi uliopita." Akanishukuru kwa chai, akaenda. Nilikaa na kikombe chake mkononi mpaka kikapoa. Hata leo, baada ya miaka mingi ya kusikiliza watu waliosoma wakijadili jambo hili kwenye mikutano yenye maji ya chupa, sijasikia jibu ambalo ningempa.

Haikupita wiki. Nilikuwa nachuma upande wa bondeni niliposikia tumbili ng'ambo ya mto. Mlio wao wa kuonya kuhusu chui niliujua, wa tai niliujua, wa nyoka pia. Huu sikuwa nimewahi kuusikia. Ulikuwa unaendelea tu, wa koo moja. Niliacha kikapu kwenye mstari, nyapara akiniita nyuma, nikashuka.

Nilimkuta Arap Mosonik amekaa kwenye nyasi kando ya njia. Magotini mwake kulikuwa na koti la kijani, jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana.

"Nilinunua Bomet," akasema kabla sijauliza. "Daktari alisema wanajua sauti yangu, kwa hiyo sikufungua mdomo. Nilifanya ule mlio wako tu, wa ulimi. Nimeusikia miaka miwili kupitia kwenye ua, ningekosa kuujua?"

"Ukawapa nini?"

"Ndizi. Nilitia dawa ya kuogeshea ng'ombe." Alifuta uso kwa kiganja. "Walishuka wote, Mama Kiprono. Kama kuku wanaoona mama na ungo. Sikutegemea hivyo. Nilidhani wataiba na kukimbia, lakini walikuja wakakaa."

Nikakaa chini pia.

"Halafu yule mzee wao, mwenye sikio bovu, alikuja karibu kabisa. Akanitazama hapa." Akaonyesha uso wake. "Si koti. Alinitazama hapa, akakaa hivyo, halafu akapiga kelele. Akamrukia mtoto wake akamtoa ndizi mdomoni, akaitupa. Akamrukia mwingine. Alikuwa anawanyang'anya, unaelewa? Alijua. Lakini wadogo walikuwa wameshakula."

Kule mtoni ile sauti ilikuwa bado inaendelea.

"Nimechinja ng'ombe maisha yangu yote," Arap Mosonik akasema. "Hakuna aliyewahi kunitazama akajua kwamba mimi si yule aliyedhani."

Tulienda pamoja. Alibeba jembe. Tuliwakuta Kibuyu, Chujio na Kinu, na wadogo ambao tulikuwa hatujawapa majina, na mtoto wa Mwiko. Mwiko alikuwa juu ya mti, na tulipogusa mtoto wake alinyamaza. Tulichimba sote wawili, tukipokezana jembe. Sikumlaumu, na sikumsamehe. Mwaka uliofuata aling'oa mabua ya mahindi akapanda chai mpaka ukingoni mwa mto, kwa sababu tumbili hawali chai. Watu walimwambia angefanya hivyo tangu mwanzo. Ni rahisi kusema, lakini chai haipikwi ugali.

Yaliyofuata ndiyo ambayo sijawahi kuwaambia mkiwa mezani mnakula.

Nilirudi Jumapili. Mwiko aliniona kutoka mbali akatoa mlio ule mpya, na waliobaki wakapanda juu pamoja naye. Nilisimama pale nikajisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Nilitaka kuondoka. Lakini kijana mmoja wa Sufuria, dume ambaye alikuwa bado hajakomaa, alisita kwenye tawi. Alitazama juu kwa Mwiko, akanitazama mimi. Sikuwa na koti. Sikupiga ulimi. Akashuka akaja akakaa mbele yangu, kama zamani, akaanza kujikuna.

Waliokimbia hawakuniumiza. Niliumizwa na huyo aliyekuja.

Niliokota jiwe nikamtupia. Lilipita kando. Akaruka kidogo, akatazama nyuma yake aone ni nani anayenitisha, kisha akakaa tena. Nikatupa la pili, nikampata mguuni. Akalia, akapanda mti akichechemea, na kutoka juu akanitazama kwa muda mrefu. Nilimzomea, nikapiga makofi, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Jumapili iliyofuata nilirudi nikafanya vilevile, na nyingine pia. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walidhani kifo cha mume wangu kimenifikia kichwani kwa kuchelewa.

Daktari alirudi msimu wa baridi, na ufadhili mpya na kinasa sauti kidogo kinachoingia mfukoni. Alinikuta huko huko mtoni, mkononi nina mawe. Nikamweleza yote, tangu ile chai mpaka jembe. Alivua miwani akaishika.

Akasema, taratibu, "Kwa hiyo wanatambua sura. Mlio na koti huwavuta, lakini karibu wanaangalia sura."

"Ndiyo, Daktari. Jaribio lako limefanyika."

Nilitaka limuume, na lilimuuma. Alijisikia mwenyewe alichosema, nikaona uso wake ukibadilika, na nikatamani nisingesema hivyo. Alikaa kwenye jiwe. Aliniuliza nani amebaki, nikamtajia. Akauliza kama angeweza kuanza tena, polepole, na safari hii kuwalipa wakulima hasara yao, kuajiri walinzi.

"Na hela zikiisha?"

Akavaa tena miwani yake.

Wakati huo yule kijana wa Sufuria alitokea. Alikuwa ameacha kunikaribia mimi, lakini Daktari alikuwa hajamtupia kitu. Alishuka tawi moja, kisha jingine, akimtazama. Daktari aliinua mkono, nikadhani anataka kumpungia. Kisha akainama akaokota jiwe. Alitupa vibaya, kama mtu ambaye hakuwahi kuchunga hata mbuzi, na lilianguka majini. Akaokota jingine. Alitupa mpaka tumbili yule akaenda, na hata alipokuwa ameenda Daktari aliendelea kutupa.

Kazi haikuanzishwa tena pale. Daktari alinichukua kwenye miradi mingine, na baadaye wengine wakanichukua. Nimefuata mbega, nimefuata fisi, na kwa miaka kadhaa kule Mulot niliandika jinsi ng'ombe wa maziwa wanavyomjua anayewakamua kwa mwendo tu. Vitabu vingi vimeandikwa tangu wakati huo kuhusu akili za wanyama na namna inavyopasa kuwatendea, na nyinyi mmevisoma, na nafurahi. Lakini mimi nilijifunza kwamba kujua mnyama anafikiri hakukufanyi umhurumie. Kunakupa tu njia ya kumfikia, na njia hiyo inabaki wazi ukishaondoka, kwa yeyote. Ndiyo maana niliwasumbua kwa maswali kabla hamjamzoesha hata sungura mmoja. Ndiyo maana baadhi ya watafiti hawakunichukua mara ya pili. Walikuwa na haki yao.

Mwiko sijui aliishi mpaka lini. Arap Mosonik ameshazeeka, Cheptoo alirudi shule na sasa ni muuguzi, na chai yao ni nzuri. Msitu ule bado upo, mwembamba zaidi. Watu wa Merigi husema tumbili wa pale ni waoga kupita wa mahali pengine, kwamba wanakimbia kabla hujawaona, na hushangaa ni kwa nini. Nikiwa katikati ya watu hao hunyamaza. Na nikipita peke yangu huongeza mwendo, nisije nikasikia mmoja akishuka.